Alama za Juu Alizopewa Mwalimu Sulieti

Shule ya Msingi Houmalei,
Kisiwa cha Houmalei,
Ha'apai, Tonga.
10 Agosti 2019

Mpendwa Shangazi Melenaite,

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote mnaolala nyumba moja huko Robinvale. Mgongo wako unaendeleaje? Na vidole? Baba alisikia redioni kwamba huko Australia sasa ni baridi kali na asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Nilijaribu kuziwaza nyasi nyeupe nikashindwa. Tafadhali vaa soksi mbili mbili unapokwenda kupogoa mizabibu, na usione haya kuvaa kofia ile niliyokufumia, hata kama wenzako watacheka.

Sisi huku hatujambo. Mama bado yuko Nuku'alofa, anamuuguza bibi na kuwapikia kaka zangu wanaosoma sekondari. Anasema bibi sasa anaweza kukaa kitini. Kwa hiyo nyumbani tuko wawili tu, baba na mimi. Nguruwe wako alizaa, na watoto wake wote wamepona isipokuwa mmoja.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu lazima tupande pale kilimani nyuma ya kanisa ambako mtandao unashika, na nikikupigia tu, nusu ya kijiji wanakuja kukusalimia. Wakimaliza wao, salio nalo limekwisha, na mimi nimepata nafasi ya kusema nakupenda basi. Barua hii ataileta Sitani, mtoto wa Fatai, anayeondoka Jumatatu kuja kufanya kazi huko. Nimemwomba aiweke ndani ya Biblia yake ili isikunjike.

Shangazi, tangu uondoke kisiwa kimekuwa kipana. Sijui niseme vipi. Zamani kutoka nyumbani hadi shuleni ilikuwa karibu, sasa ni mbali, na njia ni ile ile. Jioni baba akienda kunywa kava na wenzake, nakaa barazani na kusikia bahari mbele ya nyumba na bahari nyuma ya nyumba.

Kepueli alihama na wazazi wake baada ya Pasaka. Sasa darasa la sita ni mimi peke yangu. Baba akisema, "Darasa la sita, simameni," nasimama. Akisema, "Darasa la sita, jadilianeni," nabaki nimekaa, naye anakumbuka, anajikuna kichwa na kuendelea na darasa la tano. Watoto wadogo wamenibandika jina. Nikipita wanasema, "Pisheni, darasa linapita." Mwanzoni nilicheka nao.

Sasa nikueleze habari za mwalimu aliyechukua chumba chako cha darasa. Anaitwa Sulieti, na alikuja mwanzoni mwa mwaka akitokea Vava'u. Wizara walidhani wametufanyia wema kutuletea mtu mwenye asili ya hapa. Hawakuuliza ni asili gani. Kumbe Sulieti ni binti wa marehemu Bibi Vaisima, mdogo wake bibi mzaa baba, kwa hiyo kwa baba yeye ni dada kama wewe ulivyo dada, na kwangu mimi ni shangazi mdogo. Siku aliyoshuka kwenye mashua, wazee walihesabu ukoo pale pale ufukweni, hata mizigo haijateremshwa. Baba alitoka mstari wa mbele wa wanaopokea akaenda kusimama nyuma.

Tangu siku hiyo, kwa heshima ya kaka na dada, baba akimwona Mwalimu Sulieti anakuja, anazunguka upande wa pili wa tangi la maji. Akiwa na neno la kumwambia, ananiambia mimi, nami nalipeleka. Hakuna aliyeona ajabu. Wewe na baba pia mlifundisha hivyo hivyo miaka yote, kila mmoja chumbani kwake, ukuta wa mbao katikati na mlango wake umefungwa, na sikuwahi kusikia mkikoseana heshima. Lakini zile zilikuwa siku ambazo hakuna mtu aliyetaka kujua mwalimu anafanya nini akishafunga mlango.

Ungempenda Mwalimu Sulieti. Ndio kwanza ametoka chuoni. Anaimba vizuri, anacheka upesi, na watoto wa madarasa ya chini wanamfuata kama vifaranga. Ila shelisheli anaichoma hadi inakuwa kama jiwe, na mke wa mchungaji, Mama Kalisi, amekata tamaa ya kumfundisha.

Mwezi wa tano baba aliitwa mjini Pangai kwenye semina ya walimu wakuu. Alirudi na furaha ambayo sijaiona kwake tangu uondoke. Alikuwa na kijitabu cha viwango vipya vya taaluma ya ualimu, na wakati wa chakula cha jioni alinisomea mimi kana kwamba mimi ndiye walimu wake wote. Aliniambia kuwa kuanzia sasa mwalimu mkuu ni kiongozi wa ufundishaji, si mtunza funguo. Alisema hata mpishi wa kanisa ana mtu wa kumwonjea chumvi, lakini mwalimu anaingia darasani peke yake, anafunga mlango, na kosa la siku yake ya kwanza anastaafu nalo. Sasa kila muhula mwalimu mkuu ataketi nyuma ya darasa la mwalimu wake, atatazama, ataandika aliyoyaona, kisha wawili hao watakaa uso kwa uso waambiane lililo zuri na la kurekebisha. Mwalimu mpya asiye na maandishi hayo hawezi kusajiliwa.

Alikuwa ameshika kipande cha kiazi kikuu, akakirudisha sahanini polepole. Siku zote alizokaa Pangai walikuwa wakisema "walimu, walimu," na hakuna hata mmoja aliyesema "dada." Sasa alikuwa amerudi nyumbani, na mwalimu wake alikuwa nani?

Shangazi, wewe unajua kuliko mimi. Kaka hamkosoi dada yake. Hamsemi mbele za watu wala nyuma yao. Baba alitafuta kazi nyingine zote kwanza. Alitengeneza uzio, alisafisha mifereji ya mvua, alipaka rangi nguzo ya bendera ambayo ilikuwa na rangi. Mwishowe siku ikafika.

Alivaa kama mtu anayekwenda ibadani, shati limepigwa pasi na mkeka wa heshima umefungwa kiunoni. Mtoto mmoja wa darasa la pili, Penisoni, alipomwona anaingia hivyo aliuliza ni nani amekufa. Baba aliketi nyuma kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, uso ameuelekeza dirishani. Mimi niliachwa kuangalia chumba chetu, lakini mlango haukuwa umefungwa vizuri, nikaona yote.

Mwalimu Sulieti alikuwa akisema haraka haraka. Alimwita Penisoni asome ukurasa wa nguruwe wa babu. Penisoni alisimama akausoma wote bila kukwama mahali, kwa sauti nzuri kama kwaya, na kitabu alikuwa amekishika juu chini.

Niliona. Na baba aliona pia, kwa sababu aliacha kutazama dirishani akatazama mkeka wake. Wale watoto hawakuwa wakisoma, shangazi. Walikuwa wameukariri ukurasa kama wimbo wa kanisani. Baba alitoka kabla kipindi hakijaisha, na kwenye karatasi akampa alama ya juu kabisa kila mstari. Mahali pa maoni aliandika kwamba hakuna la kurekebisha.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mwezi wa saba alikuja afisa elimu kutoka Pangai, Bi. Losaline, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Mashua yake ilikuwa inangoja, na ilibidi iondoke kabla maji hayajakupwa kwenye mwamba, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kukaa darasani. Alisimama tu mlangoni kwa Mwalimu Sulieti, akamwita mtoto mmoja asome, akaifunika picha kwa kiganja chake. Mtoto akanyamaza. Akamwita mwingine, naye akanyamaza. Kisha akamshukuru mwalimu kwa upole, akaja barazani kwetu kula.

Tulikuwa tumempikia magimbi na majani yake kwa tui la nazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa. Alikula kwanza, akasifu chakula, halafu akafungua karatasi za baba.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "haya uliyoandika ni ukaguzi au ni hotuba ya msibani?"

Baba akasogeza sahani yake pembeni.

"Nauliza tu. Maana msibani ndiko nimezoea kusikia habari za mtu asiye na kosa hata moja. Na huyu yuko hai, nimemwona sasa hivi."

"Ni dada yangu," baba akasema. Alisema chini sana.

Bi. Losaline aliacha kutafuna. Yeye ni wa huku huku, hakuhitaji kuelezwa. Akasema na yeye anaye kaka, na kaka huyo hajaingia nyumbani kwake miaka mingi bila kukohoa kwanza akiwa bado barabarani, kwa kuogopa asije akakuta nguo za dada yake zimeanikwa. Baba akatabasamu kidogo. Nikafikiri amesalimika.

"Naijua hiyo heshima," Bi. Losaline akaendelea. "Nimelelewa nayo. Lakini yule mtoto aliyenyamaza mbele yangu si dada yako."

Alieleza kwamba karatasi hizo hawezi kuzipokea. Alisema akina mama wakikaa kusuka mikeka, mmoja akipinda mstari, jirani yake anamfumulia huku wanacheka, na hakuna anayekufa. Mkeka tunafumuliana, alisema, lakini mtoto wa watu tunamwacha akue amepinda kwa kuoneana haya. Maandishi ya kweli yanatakiwa kabla mwaka haujaisha. Si lazima ayaandike mwalimu mkuu. Mwalimu yeyote aliyesajiliwa, mwenye uzoefu, anaweza. Yasipopatikana, Mwalimu Sulieti hatasajiliwa na hataweza kuendelea, na shule ndogo kama yetu ikipoteza mwalimu sasa hairudishiwi mwingine. Baba atabaki na madarasa yote sita. Wazazi wa wadogo watafanya kama wazazi wa Kepueli. Alisema shule za visiwani hazifungwi na mtu, zinahamwa.

Mwalimu Sulieti alikuwa pembeni ya nyumba ananawa mikono. Alikuwa amesikia kila neno. Akaja hadi ngazi ya baraza, akasimama, hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

"Seluvaia," akasema, "mwambie baba yako namshukuru. Amenipa heshima, akaniacha peke yangu."

Sikujua nifanye nini, maana baba alikuwa hapo hapo.

"Mwambie najua kwamba hawasomi. Nimelijua hilo tangu wiki ya kwanza. Siku aliyokuja kukaa nyuma, usiku wake sikulala kwa furaha, nikasema kesho nitaambiwa nifanye nini. Akaandika hakuna la kurekebisha."

Nilimgeukia baba. Aliniambia nimjibu kwamba amesikia. Nikamwambia Mwalimu Sulieti kwamba baba amesikia, naye akarudi kunawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Bi. Losaline alivaa viatu vyake akaenda kuwahi maji.

Wiki iliyofuata baba alifanya jambo la busara. Alimwomba Mwalimu Folau, mwalimu mkuu wa kisiwa jirani, aje atazame darasa la Sulieti, na yeye baba akatazame la kwake. Mwalimu Folau alikuja na kalamu mpya. Lakini kabla ya kuingia darasani alipewa chai, na kwenye chai akauliza, kama watu wanavyouliza, mama yake Mwalimu Sulieti alikuwa mtoto wa nani. Akaambiwa. Akauliza tena, na bibi yake? Akaambiwa. Nikaona uso wake unabadilika. Aliweka kalamu mezani, akamwomba radhi Mwalimu Sulieti, kumbe ni dada yake pia, akaongeza andazi moja, akapanda mashua kurudi kwao. Watu walicheka kijijini kutwa nzima. Mwalimu Sulieti hakucheka.

Jioni hiyo nilimkuta amekaa mlangoni kwake na kitabu cha nguruwe wa babu magotini. Aliniambia nikae. Tulikaa. Ilikuwa afadhali kuliko kukaa kila mtu kwake.

Sasa sikiliza alichofanya baba, shangazi, maana hiki hakimo katika kijitabu chochote.

Jumatatu asubuhi aliufungua ule mlango wa ukuta wa mbao, akauwekea jiwe usijifunge. Kisha akaugeuzia mgongo, akatuambia sisi wa darasa la nne, la tano na la sita kwamba leo tutajifunza kusoma. Tukacheka. Aliandika ubaoni pa, pe, pi, po, pu, kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza.

Vailea wa darasa la tano, unamjua kwa mdomo, akasema, "Mwalimu, sisi hizo tumeshazivuka. Au umri umeanza kukuchanganya?"

"Kama umezivuka, zirudie uone kama bado zipo," baba akasema. Halafu akapaza sauti, na huwa hapazi sauti. Alisema mtoto anayeimba ukurasa hajausoma. Alisema ukitaka kujua, funika picha. Usimwulize ukurasa mzima, mwulize silabi moja, kisha nyingine ambayo si jirani yake. Akaanza kugusa ubao kwa fimbo, po, pa, pu, akiruka ruka, nasi wakubwa wazima tunaitikia. Akasema mtoto akikosa, usimpe jibu haraka. Hesabu pumzi zako tatu. Ukimya si adui wa mwalimu.

Upande wa pili wa mlango kulikuwa kimya. Baba akabaki ameutazama ubao wake, fimbo mkononi. Tulikuwa tumeacha kucheka. Sijui kila mtu alielewa lini, ila nadhani tulielewa pamoja.

Halafu tukasikia chaki inaandika kwenye ubao wa pili. Na sauti ya Mwalimu Sulieti: "Penisoni. Hii nini?"

Nikahesabu pumzi. Niliona na mabega ya baba yanahesabu.

"Po," Penisoni akasema.

Baba akafuta ubao, akatuambia tutoe vitabu vya hesabu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi sisi wakubwa tunafundishwa darasa la kwanza. Hakuna aliyelieleza jambo hilo wala kuliuliza. Mara nyingine Mwalimu Sulieti naye anawaambia watoto wake kwa sauti kubwa kwamba hajui afanye nini na mtoto anayejua herufi lakini anaogopa kusoma mbele ya wenzake, na wao wanamtazama tu, wana miaka sita. Kesho yake baba anatufundisha habari ya mtoto mwoga. Vailea anajifanya ndiye mtoto mwoga, na anajua kuigiza. Penisoni sasa anasoma kila kitu, anasoma magunia ya unga dukani, anasoma majina makaburini hadi mama yake amemkataza.

Lakini baba ni mtu wa kweli. Nilimuuliza kama sasa anaweza kuandika karatasi. Akasema kusikia mlangoni si kuona, na kusema na ubao si kukaa na mtu uso kwa uso. Tena alisema kuna mambo ambayo hata ubaoni hawezi kuyaweka. Sulieti akiogopa anaharakisha, na akiharakisha anawasahau walio nyuma. Hilo aambiwe na mtu anayeweza kumshika mkono wakati wa kumwambia.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, watu walikaa kwetu wakizungumzia jambo hili. Mama Kalisi aliwasikiliza wanaume wakizunguka, kisha akauliza kwa nini wanatafuta kilichopo. Akasema dada yao mkubwa yupo, amesajiliwa, amefundisha chumba kile kile, na ni mwanamke kwa mwanamke. Kila mtu alikuwa analijua hilo tangu mwanzo. Walimtazama baba, naye akatazama mlangoni.

Walipoondoka nilimwambia baba akuandikie. Alisema hawezi.

"Siwezi kumwita dada yangu kama mtu anayeita mashua," alisema. "Akipenda, atakuja. Wewe mweleze yaliyopo, usimsukume."

Basi nimekueleza yaliyopo. Najua mkataba wako unaisha Septemba, na ulisema kwenye simu kwamba bosi wa mizabibu anakuomba uongeze msimu mwingine. Najua pia kwa nini ulikwenda. Paa bado lina maturubai upande wa jikoni, lakini baba amelifunga vizuri na mvua kubwa iliyopita haikuingia sana. Muhula wa mwisho unaanza Oktoba. Bi. Losaline alisema ukaguzi wa wiki chache unatosha, mradi uwe wa kweli.

Hayo ndiyo niliyoagizwa. Yanayofuata ni yangu, na baba hayajui.

Nataka kuwa mwalimu, shangazi. Nilikuwa nataka tangu zamani lakini sasa najua zaidi ni kazi gani. Nilidhani mwalimu mzuri ni yule ambaye hakosei. Sasa naona ni yule ambaye ana mtu wa kumwonyesha alipokosea, na yeye anasikia, na kesho yake anaandika tena ubaoni. Baba anasema hiyo ndiyo maana ya viwango vyote vile, mengine ni kurasa tu.

Mimi ni wa kwanza darasani, na pia ni wa mwisho. Kila karatasi yangu baba anatia alama za vyema kuanzia juu hadi chini. Kanisani nilipewa zawadi ya kukariri zaburi. Mama Kalisi anasema mimi ni mtoto mzuri, Fatai anasema mimi ni mtoto mzuri, hata Vailea alisema hivyo siku moja alipotaka embe langu. Hakuna anayeniambia kitu kingine. Wewe ulikuwa unaniambia nimekosea wapi, nami nilikuwa nanuna, nakwenda kukaa nyuma ya tangi, na ulikuwa unanifuata huko na kuniambia tena. Mwalimu Sulieti aliposema ameachwa peke yake, watu wote walimtazama baba. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, na nilikuwa nakuwaza wewe.

Usije kwa ajili yangu. Nimefikiria sana kabla ya kuandika hivyo. Kama ukiona wadogo wa chumba chako wanastahili, njoo kwa ajili yao. Kama mkataba hauwezi kuachwa, basi mwandikie Mwalimu Sulieti hata ukurasa mmoja, umwambie wewe ulifanyaje mwaka wako wa kwanza, ulipokuwa hujui. Nadhani atautunza.

Baba anakusalimu, na anasema uwe na afya njema, hakusema zaidi. Mama aliniagiza nikusalimu kila nikikuandikia. Kaka zangu Mosese na Paula wanakusalimu, Mama Kalisi na mchungaji, Fatai, Vailea, na Penisoni ambaye amejifunza kuandika jina lako na ameniomba niache hapa nafasi aliandike mwenyewe: MELENAITE. Nisalimie wote unaolala nao nyumba moja, na huyo rafiki yako wa Samoa anayekoroma.

Mungu akulinde kwenye baridi, akutulize mgongo, na akuongoze vizuri siku watakapoweka karatasi ya mkataba mbele yako.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, sikumpa mtu hata mmoja aisahihishe, kwa hiyo lazima ina makosa. Usiyaache. Yawekee alama yote, hata madogo. Lakini usinirudishie barua kwa posta wala kwa mkono wa mtu. Njoo nayo, tukae barazani, uniambie moja moja.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye daima,
Seluvaia